Mwanangu kasikia tishio la bunduki shuleni. Nimwambie nani?

"Dada, shikamoo. Naishi Toongabbie, karibu na stesheni. Nina mtoto wa kiume wa miaka 13, yuko mwaka wa nane. Juzi usiku nilimkuta hajalala, ameshika simu, uso umembadilika. Nikambana mpaka akasema. Kumbe kwenye chati ya mchezo wao wa kompyuta kuna mwenzake wa darasani ameandika kwamba iko siku ataingia shuleni na bunduki, na wote wanaomcheka watajuta. Wenzake wameweka emoji za kucheka. Mwanangu anasema huyo mtoto hana rafiki, wanamwita majina mabaya tangu mwaka jana. Nilitaka kupiga simu shuleni asubuhi, baba watoto kakataa. Anasema sisi wageni hapa, uraia wenyewe hatujapata, tukianza kupelekapeleka habari za watu tutaandikwa sisi. Halafu eti Australia si Marekani, bunduki mtoto ataitoa wapi? Nimenyamaza, lakini kila akitoka na begi lake moyo unanidunda. Nifanyeje? Mama wa Toongabbie."

Marahaba, mdogo wangu. Jibu lenyewe ni fupi: piga simu shuleni kesho asubuhi, kabla kengele haijalia. Haya mengine yote ninayoandika ni ya kukupa nguvu ya kuinua hiyo simu, na nusu yake ni ya shemeji. Akinuna, mwachie gazeti mezani.

Shemeji, habari za kazi. Ulilosema lina ukweli wake, na sitaki kukubishia pasipobishika. Australia si Marekani. Tarehe 28 Aprili 1996 mtu mmoja aliua watu 35 kule Port Arthur, Tasmania. Wiki mbili hazijaisha, waziri mkuu John Howard na majimbo yote walikuwa wameshakubaliana sheria mpya za silaha. Serikali ikanunua bunduki mikononi mwa raia, zaidi ya laki sita, ikaziteketeza. Zile zinazojipakia risasi zenyewe raia wa kawaida hawazipati tena. Anayetaka silaha lazima awe na sababu inayokubalika, asubiri siku 28, aifungie kwenye sefu, na akisema anaitaka ya kujilinda nyumbani leseni hapewi. Mwaka 2002 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, aliwapiga risasi wenzake darasani, wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Baada ya hapo bastola nazo zikabanwa. Nchi ilifanya kazi, na mtoto wako anakula matunda yake kila siku anapokwenda shule akarudi.

Lakini kubana si kumaliza. Panda treni hapo kwenu, pita Pendle Hill, Wentworthville na Westmead, kituo cha nne ni Parramatta. Hapo, tarehe 2 Oktoba 2015, mvulana wa miaka 15, mwanafunzi wa sekondari ya mjini palepale, alimpiga risasi Curtis Cheng mbele ya makao makuu ya polisi. Mzee wa watu alikuwa mhasibu, amefanya kazi na polisi miaka 17, anatoka ofisini anarudi nyumbani. Mvulana naye aliuawa palepale na askari. Bastola hakuinunua yeye. Aliletewa na watu wazima waliokuwa wameshamjaza siasa za chuki, na yule aliyemkabidhi alihukumiwa miaka 44 jela. Haikuwa ndani ya geti la shule, lakini aliyeshika silaha alikuwa mtoto wa shule, na umri wake haukupishana sana na wa huyo anayeandika kwenye chati ya mwanao.

Karibu miaka minane baadaye, tarehe 24 Mei 2023, kule Two Rocks kaskazini ya Perth, kijana mwingine wa miaka 15 aliingia kwenye eneo la shule akafyatua risasi. Zilipiga majengo, hakuumia mtu. Bunduki zilikuwa za baba yake. Na Desemba 2025, watu 15 walipouawa pale Bondi kwenye sherehe ya Kiyahudi, polisi walisema mmoja wa washambuliaji alikuwa na leseni na bunduki zake zimesajiliwa. Kwa hiyo, shemeji, swali lako la ataitoa wapi lina majibu: kwa baba, kwa mjomba mwenye shamba, kwa mtu mzima mwenye lake jambo. Na akikosa bunduki kuna kisu. Wazazi wa Merrylands hawajasahau Aprili 2008, vijana watano walipoivamia shule ya sekondari na mapanga na magongo ya besiboli, wakavunja vioo, wakajeruhi wanafunzi na mwalimu. Walimu waliwafungia watoto madarasani, na hakufa mtu. Lile zoezi la kujifungia ambalo watoto wanatuhadithia jioni huku wanacheka, la kukaa chini ya madirisha taa zimezimwa, kazi yake ni hiyo.

Wala tusijitie kwamba kwetu hakuna mambo haya. Sizungumzii mashambulizi ya Garissa, Kenya, Aprili 2015, wala ya Mpondwe kule Uganda Juni 2023. Ile ilikuwa vita imewafuata wanafunzi walipolala, na dawa yake ni nyingine. Nazungumzia watoto wanaowageukia wenzao. Kwetu hutumia moto. Mwaka 1999 pale Nyeri wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani mwao wakawachoma. Machi 2001 bweni la Kyanguli, Machakos, liliungua usiku, wavulana 67 wakafa, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Septemba 2017 ikawa Moi Girls, Nairobi. Wasichana kumi walikufa, na aliyehukumiwa kwa moto ule alikuwa mwenzao wa kidato cha kwanza, binti wa miaka 14 ambaye hakuipenda ile shule na alitaka kuhama. Miaka 14! Kila nikikumbuka umri huo nakumbuka pia kwamba hakuhitaji duka la bunduki. Alihitaji kibiriti, na watu wazima ambao hawakuyatilia maanani maneno yake.

Sasa nikwambie jambo ambalo ndilo lililonifanya niseme piga simu bila kukuuliza maswali.

Baada ya mauaji ya Columbine, Colorado, tarehe 20 Aprili 1999, Wamarekani waliwapa kazi wale maofisa wanaomlinda rais, wakishirikiana na wizara ya elimu: chunguzeni, watoto hawa ni watoto gani? Wakapitia mashambulizi 37 ya shuleni, tangu 1974 hadi 2000. Wazazi wengi walitegemea waletewe sura ya mtoto wa kuogopwa, mkimya, mwenye nguo nyeusi, anayecheza michezo ya kupigana. Sura hiyo haikupatikana. Wapo waliokuwa na alama nzuri na marafiki, wapo waliokuwa wapweke kabisa. Kilichopatikana ni kwamba ni nadra mtu aliyeamka asubuhi moja akakasirika tu. Walipanga. Na walisema. Katika kila mashambulizi matano, kwenye manne kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua kabla, na karibu kila mara mtu huyo alikuwa mtoto mwenzao: rafiki, mdogo wake, mwanafunzi wa dawati la pili. Wakubwa ndio waliokuwa gizani. Wahenga wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hapa wamepata ushahidi wa takwimu.

Uchunguzi uleule ulionyesha mengine matatu ambayo mama anapaswa kuyajua. Wengi walikuwa wameonewa na wenzao, tena kwa muda mrefu, mbele ya macho ya watu. Wengi walikuwa wameshafikiria kujiua au wameshajaribu. Kuna waliokuwa wanatafuta kufa, wakaamua wasife peke yao. Na wengi silaha waliitoa nyumbani kwao au kwa ndugu. Kuonewa peke yake hakumfanyi mtoto muuaji, nisieleweke vibaya. Mamilioni wanaonewa, wanalia, wanakua, wanakuwa mafundi na madaktari. Huzuni peke yake vilevile. Hatari inakuja pale mtoto mwenye kinyongo anapoanza kuona kwamba njia zote zimefungwa isipokuwa hiyo moja, akaona mtu mwingine aliyefanya akawa maarufu dunia nzima, na silaha ikawa karibu. Ndiyo sababu sikulitaja jina la yule mvulana wa Parramatta. Tangu Columbine wameshakamatwa vijana wengi mno waliokuwa wakisoma maisha ya wale washambuliaji wake wawili kama vile wengine wanavyofuatilia wacheza mpira. Gazeti langu halitawapa hiyo sifa, na nyumbani kwako usiwataje kwa majina pia.

Mwaka 2021 maofisa walewale walitoa uchunguzi mwingine, safari hii wa mashambulizi 67 ambayo yalizuiwa. Nani aliyazuia? Mara nyingi ni mwanafunzi aliyeona au kusikia, akamwambia mtu mzima, na mtu mzima huyo akafanya jambo. Mwanao tayari amekwishafanya sehemu yake. Alikwambia. Sasa mpira uko kwako.

Kuna kisa kimoja kinanikosesha usingizi kwa sababu watu wazima walikuwa wote mezani. Tarehe 30 Novemba 2021, katika mji wa Oxford, Michigan, mwalimu aliona mchoro wa mwanafunzi wa miaka 15: bunduki, mtu anayetoka damu, na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa asubuhi ileile. Walikuja, wakakaa ofisini dakika chache, wakaambiwa mtoto anahitaji kuonwa na mtaalamu haraka, wakasema wana kazi, hawawezi kumchukua. Shule nayo haikulifungua begi lake. Akarudishwa darasani. Ndani ya begi mlikuwa na bastola ambayo baba yake alikuwa amemnunulia siku nne kabla. Mchana wanafunzi wanne waliuawa. Mwaka 2024 mahakama iliwatia hatiani baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, kwa kuua bila kukusudia, na wamefungwa miaka 10 hadi 15. Mara ya kwanza Marekani wazazi kuhukumiwa hivyo kwa kosa la mtoto wao shuleni. Mtoto aliomba msaada kwa maandishi, wakubwa wakaangalia saa.

Turudi kwenu. Kwa nini wale watoto kwenye chati wameweka emoji za kucheka? Kwa sababu hawaamini, na anayeamini anaogopa kuonekana mwoga au mchongezi. Na sisi wazazi tumewasaidia kuwa hivyo. Nyumba ngapi za Waswahili mtoto akija na habari ya mwenzake anajibiwa "Acha umbea, nenda kasome"? Mwambie mwanao leo, kwa maneno haya au yako: kumsema mwenzio ili apigwe ni uchongezi, kumsema ili yeye na wengine wasife ni wajibu, na wewe umefanya wajibu, nimefurahi umeniambia. Hilo la nimefurahi usiliruke. Mtoto aliyegombezwa kwa sababu ya simu usiku, mara nyingine hatasema.

Na shemeji, naijua hofu yako, siifanyii mzaha. Wengi wetu hapa Sydney magharibi tumepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Dzaleka. Kwa aliyetoka Uvira, Fizi au Bujumbura, kupeleka jina la mtoto wa jirani kwa watu wenye sare kulikuwa na maana nyingine kabisa, na mara nyingine mtoto huyo hakuonekana tena. Halafu hapa nako tumeona jinsi vijana weusi wanavyosemwa magazetini kila wakikaa watatu kwenye benchi. Mtu akikuambia nyamaza, usionekane, ana sababu. Lakini kutoa taarifa ya kweli kuhusu tishio si kosa, na hakuwi doa kwenye maombi ya uraia. Fikiria upande wa pili pia: likitokea, na ikaonekana kwenye simu ya mwanao kwamba alijua na wazazi wake wakajua, utayabeba vipi hayo? Simu unayoikwepa leo itakuwa ndogo sana mbele ya simu za siku ile.

Basi fanya hivi, mdogo wangu. Usiku huu mwombe mwanao akuonyeshe yale maneno, na upige picha ya skrini ikionyesha jina, tarehe na saa. Asifute. Asimjibu yule mtoto, asimtukane, asijifanye mpelelezi wa kumchimba azidi kusema. Na wewe, nakuomba kama dada, usiitume kwenye kundi la WhatsApp la wamama. Ikiingia huko asubuhi itakuwa imeshafika Blacktown, Auburn na Nairobi, jina la mtoto limeshachafuka, aliyeandika ameshajua kasemwa na nani, na ukweli umeshaongezwa chumvi mara nne. Ni mtoto wa mtu.

Ukiona kwenye ujumbe kuna siku maalumu, mahali, jina la anayelengwa, au picha ya silaha, usisubiri asubuhi, piga 000. Kama hakuna hayo, shule ndiyo ya kwanza. Sema hivi: "Nina mtoto mwaka wa nane. Kuna mwanafunzi ameandika tishio la bunduki. Ninayo picha ya maneno yenyewe. Nataka kuongea na mkuu wa shule au naibu wake leo, kabla masomo hayajaanza." Usianze kwa kuomba radhi, usiseme "labda ni utani." Kama Kiingereza kinakukwama ukiwa na hofu, na hata mimi hunikwama, piga kwanza 131 450, taja Kiswahili, watakuunganisha na mkalimani kisha na shule. Waombe jina la mwanao lisitajwe. Andika umeongea na nani, saa ngapi, kasema atafanya nini. Ukiona wanakuzungusha, namba ya polisi isiyo ya dharura ni 131 444, na kama hutaki kabisa kujulikana iko Crime Stoppers, 1800 333 000.

Kisha nini kitatokea? Shule itamwita huyo mtoto na wazazi wake, mshauri nasaha ataingia, na polisi watahusishwa, maana tishio la silaha halipiti hivihivi. Wataangalia kama nyumbani kuna silaha, kama ni maneno ya hasira au kuna mpango. Huenda wasikuambie mwisho wake, kwa sababu ni siri za mtoto mwingine. Utaudhika. Vumilia, lakini una haki ya kuuliza mwanao analindwaje.

Na huyo aliyeandika? Naona kwenye barua yako umemwonea huruma kabla hujamwogopa, na hilo limenipendeza. Mwaka mzima anaitwa majina, na pengine hajakutana na mtu mzima hata mmoja aliyesema basi. Ukiongea na shule litaje na hilo, kwa uzito uleule wa tishio: wanamwonea, tangu lini, nani anaongoza. Shule ikimfukuza tu na kufunga geti, kinyongo kinakwenda nyumbani pamoja naye. Ila usimpe mwanao kazi ya kumponya mwenzake. Kumsalimia, kutocheka, kutomwita lile jina, hayo yako ndani ya uwezo wa mtoto wa miaka 13. Mengine ni ya watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Sasa tuje sebuleni kwetu, kwa sababu mwandishi wa tishio naye ana mama, na mama huyo angeweza kuwa mmoja wetu. Najua ratiba zenu. Baba yuko ghala usiku, mama anatunza wazee zamu ya alfajiri, mnapishana mlangoni na mtoto anapasha chakula mwenyewe. Simshutumu mtu, kodi ya Sydney haingoji. Lakini tafuta nusu saa ambayo mtoto anajua ni yake. Wangu mmoja huongea ndani ya gari tu, tena kwenye foleni, kwa sababu hatutazamani usoni. Mwingine hunifuata jikoni nikikuna nazi. Ukikaa naye usianze na alama za hesabu. Uliza nani anakaa peke yake wakati wa chakula. Uliza nani kachekwa leo. Mtoto anayechekwa mara nyingi atakupa jina la mwingine kwanza.

Ukiona amebadilika, hali, halali, ametupa vitu alivyovipenda, anazungumza kana kwamba hatakuwepo mwakani, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Najua ulimi unakuwa mzito, na bibi zetu wangesema unamwita shetani. Kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo kichwani. Kunamwonyesha kuwa kuna mtu anaweza kulisikia. Na akikwambia ndiyo, usimpige, usimwombee tu ukamwacha. Kuomba omba, na daktari wa familia nenda naye. Headspace iko Parramatta, ya vijana wa miaka 12 hadi 25. Kids Helpline, 1800 55 1800, mtoto anaweza kupiga mwenyewe saa yoyote. Na kwa familia zilizokimbia vita kuna STARTTS, ambao kazi yao tangu 1988 ni watu waliopitia mateso; wanawapokea na watoto. Wapo wazazi ambao kengele ya zoezi la shule ikilia, wao wanaokwenda kumchukua mtoto ndio wanaotetemeka getini. Hao nao waende.

Kuhusu michezo ya kompyuta, wengi mmeniandikia mnataka niseme ndiyo chanzo. Sisemi. Watoto wa Japani na Korea wanaicheza usiku na mchana na hawapigani risasi shuleni. Ninachohofia ni nani yuko upande wa pili wa ile spika ya masikioni. Sheria ya tangu tarehe 10 Desemba 2025 inawazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao mikubwa kama TikTok na Instagram, vizuri, lakini kwenye chati ya ndani ya mchezo bado mtoto anaweza kuongea na mtu mzima asiyemjua. Yule wa Parramatta alipatiwa silaha na watu wazima waliompa muda na sikio. Sisi tumpe kwanza.

Na wewe mwanangu uliyechungulia gazeti la mama yako, sikia mama yako mkubwa. Hapa New South Wales mtoto wa miaka 10 anaweza kufikishwa mahakamani. Ukiandika "nitawapiga risasi wote" ukaweka na emoji ya kucheka, polisi wanakuja na emoji haiwarudishi. Na kama hukuwa unatania, kama kweli imekufika hapa, mwambie mtu mmoja leo usiku kabla hujalala. Mama, kocha, ustadhi, mchungaji, ile namba hapo juu. Hutaonekana mjinga. Utaonekana mtoto mwenye mzigo mzito, na mzigo una wapokezi.

Nafasi inaniishia na kuna aliyeandika kutoka Seven Hills anataka kujua kama anaweza kumnunulia kijana wake ile bunduki ya kuchezea inayorusha vidonge vya jeli, kaiona mtandaoni inauzwa Queensland. Hapana, kaka yangu. Queensland inaruhusiwa, hapa New South Wales inahesabiwa kuwa silaha, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa la jinai hata kama imepakwa rangi ya waridi. Vilevile kuhifadhi kwenye kompyuta ramani za kuchapa bunduki kwa mashine, hata kama hujachapa, ni kosa. Na kisu hakiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kama una rafiki anayewinda na mtoto wako hulala kwake wikendi, muulize bunduki inafungiwa wapi, risasi zinafungiwa wapi, na ufunguo uko kwa nani. Mwenye leseni ya kweli atakuonyesha sefu bila kununa. Akinuna, mtoto alale kwenu.

Mama wa Toongabbie, ukishapiga simu niandikie. Na shemeji msalimie.